Winta ya Ndege Iko Hapa Kwetu

"Ati unaenda wapi? Kuangalia ndege? Kwani wewe ni mzungu?"

Hivyo ndivyo beshte yangu aliniuliza Jumatano moja ya Novemba mwaka jana. Ilikuwa saa moja asubuhi, niko kwa stage nangoja matatu ya tao, nimevaa gambuti za kuazima na jaketi la kijani la buda yangu. Nilicheka tu. Sikuwa na jibu. Nilikuwa naenda kwa sababu mtu alinialika na sikuwa na kazi siku hiyo.

Sasa nina jibu, na ni refu, kwa hivyo kaa chini.

Kwanza, swali lake si la kijinga. Sote tuna hiyo picha kichwani: mzee mzungu mstaafu, kofia pana, suruali yenye mifuko kumi na miwili, darubini shingoni. Na ukitafuta mtandaoni jinsi ya kujiandaa kwa matembezi ya ndege wakati wa winta, utaonyeshwa watu wamesimama kwa theluji na makoti mazito, chai kwa themosi, pua nyekundu. Unaona kabisa hii maneno haikuhusu.

Lakini kuna kitu hizo picha hazisemi. Ndege wengi wa huko hawako huko wakati huo. Wako hapa kwetu.

Tuelewane kuhusu neno winta. Nairobi baridi yetu ni Julai, ile ya kuvaa sweta mbili na kuchelewa kuoga. Mimi naongea kuhusu baridi ya Ulaya na Asia ya kaskazini, ile ya Desemba hadi Februari. Maji yanaganda, wadudu wanaisha. Ndege anayeishi kwa wadudu ana mambo mawili tu: afe ama asafiri. Wanaosafiri wanaanza kufika Kenya Agosti na Septemba, wanajaa Oktoba na Novemba, halafu Machi na Aprili wanarudi kwao kutaga. Kwa hivyo msimu wa winta wa hao ndege ni msimu wetu wa mvua ya vuli na jua la Krismasi.

Asubuhi ile, tukiwa chini ya mgunga, mama aliyekuwa anatuongoza alinyanyua mkono na kundi lote likanyamaza. Juu kulikuwa na kandege kadogo, kana rangi ya majani yaliyochoka, kanarukaruka kakitafuta wadudu. Mimi ningekapita bila kukaona. Mama akasema polepole, "Huyu hakuzaliwa hapa, kijana. Huyu amekimbia baridi ya kwao." Kana uzani wa gramu kama kumi. Hiyo ni kama vijiko viwili vya chai vya sukari. Na kamevuka Sahara, ama kamezunguka kupitia Uarabuni, usiku, bila ramani.

Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma. Na nikapata ya kwamba kwa karne nyingi Wazungu wenyewe hawakujua hao ndege huenda wapi.

Si utani. Aristotle, yule msomi wa Ugiriki ya kale, aliandika kwamba ndege wengine hujificha kwa mashimo wakati wa baridi, na kwamba aina moja ya ndege hugeuka kuwa aina nyingine. Karne ya 17, kasisi mmoja Mwingereza anaitwa Charles Morton aliandika akisema ndege huenda mwezini. Mwezini, wasee. Wengine waliamini mbayuwayu hulala chini ya matope ya ziwa hadi joto lirudi.

Halafu ikaja 1822. Karibu na mji wa Klütz, Ujerumani, mtu alipiga korongo mweupe risasi, na alipoanguka wakakuta ana mkuki umepenya shingoni, mrefu karibu sentimita 75. Mti wa ule mkuki ulikuwa wa Afrika. Yaani huyu korongo alirushiwa mkuki na mwindaji wa huku kwetu, akapona, akaruka na huo mkuki shingoni hadi Ujerumani, ndo akauawa huko. Walimkausha, na mpaka leo yuko Chuo Kikuu cha Rostock.

Fikiria hiyo kidogo. Ushahidi uliofungua macho ya wasomi wa Ulaya ulichongwa na Mwafrika ambaye jina lake halijaandikwa popote. Huyo mwindaji hakuwa na swali la korongo huenda wapi. Alikuwa anawaona wakija. Mkulima wa huku aliyewaona mbayuwayu wakijaa angani mvua ikikaribia hakuhitaji kuambiwa kwamba hawalali kwa matope.

Baadaye kukaja pete. Mwaka wa 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwafunga ndege pete ndogo za aluminiamu miguuni, zenye namba. Mbayuwayu aliyefungwa pete Uingereza Mei 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Stori ya matope ikaishia hapo.

Sasa haya matembezi yenyewe, ya watu kutoka kwa kundi na kiongozi, yalianzaje? Nilidhani yalianza kwa watu wapole wanaopenda maua. Hapana. Yalianza kwa sababu ya damu.

Miaka ya 1880 huko Marekani, fashoni ya wanawake ilikuwa kofia zenye manyoya ya ndege, wakati mwingine ndege mzima. Mwaka wa 1886 kijana mmoja, Frank Chapman, alitembea barabara za New York akihesabu kofia. Katika kofia 700, robo tatu hivi zilikuwa na manyoya, na alitambua aina 40 za ndege. Yaani alifanya matembezi ya ndege mjini, ila ndege wote walikuwa wamekufa na wako vichwani mwa watu. Mwaka huohuo, mwanafunzi wa chuo cha Smith huko Massachusetts, Florence Merriam, alianza kuwatoa wanafunzi wenzake nje wakaone ndege wakiwa hai. Hoja yake ilikuwa rahisi: ukishamjua ndege, huwezi kumvaa. Alikuja kuandika kitabu kuhusu kutazama ndege kwa ile miwani ndogo ambayo watu walibeba kwenda kuona michezo ya jukwaani. Hizo ndizo zilikuwa darubini zao.

Halafu kuna Krismasi. Kulikuwa na mchezo huko: siku ya Krismasi wanaume wanajigawa timu mbili, wanachukua bunduki, wanaenda msituni kuua kila kitu chenye manyoya ama mabawa. Timu yenye rundo kubwa inashinda. Desemba 1900 huyo Chapman, ambaye sasa alikuwa na jarida lake la ndege, akatoa wazo: mwaka huu tuhesabu badala ya kuua. Watu 27 wakajitokeza, mahali 25, Marekani na Kanada, wakaandika aina 90 hivi. Hesabu hiyo inafanywa mpaka leo kila mwaka, kati ya Desemba 14 na Januari 5, na sasa inashirikisha maelfu ya watu. Wale 27 kwenye baridi ndo walifungua mlango.

Hapo ndipo picha ya watu wa theluji ilitoka. Na naiheshimu. Lakini ona stori ilivyofika kwetu.

Mwaka wa 1903 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alitangaza kisiwa kimoja cha Florida kuwa hifadhi, ili mwari waache kuuawa kwa sababu ya manyoya. Poa sana. Aprili 1909, akiwa ametoka tu madarakani, huyohuyo Roosevelt alishuka Mombasa na bunduki. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, na msafara wao ulikusanya maelfu ya ndege na wanyama wengine wakapelekwa makumbusho ya Smithsonian, Washington. Wapagazi walikuwa zaidi ya 200, Waafrika. Kwao hifadhi, kwetu bunduki.

Mwaka huohuo wa 1909, hapa Nairobi, kilianzishwa chama cha historia ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda. Waanzilishi walikuwa Wazungu: maafisa wa serikali, walowezi, wamishonari. Chama hicho ndicho kilianzisha makumbusho ambayo leo tunaita Makumbusho ya Taifa. Walifanya kazi kubwa, siwezi kukataa. Frederick Jackson, afisa wa kikoloni, aliandika kazi kubwa kuhusu ndege wa Kenya na Uganda, ikachapishwa 1938 akiwa tayari amekufa. Lakini nani alijua kiota kiko wapi? Nani alipanda mti? Nani alichuna ngozi? Hao hawako kwa jalada. Na ndege wakapewa majina ya watu: wa Jackson, wa Sharpe, wa Hartlaub. Unakutana na shorobo mwekundu wa mabawa hapo Karura, ndege wa msitu wetu, anaitwa jina la daktari Mjerumani.

Kwa hivyo beshte yangu akiuliza kama hii ni maneno ya wazungu, anakumbuka kitu cha kweli. Kwa muda mrefu, mlango ulikuwa umefungwa. Shida ni kwamba alibaki hapo. Hajui ulifunguliwa lini.

Mwaka wa 1969 watu walianza kufunga ndege pete Ngulia, Tsavo Magharibi. Kuna hoteli juu ya kilima, na usiku wa ukungu mwezi wa Novemba na Desemba taa zake huwavuta ndege wanaosafiri gizani, maelfu. Wanashikwa kwa nyavu, wanapimwa, wanafungwa pete, wanaachiliwa. Ndege wa Ngulia wamepatikana baadaye hadi Urusi na nchi za Uarabuni. Yaani swali alilouliza Aristotle linajibiwa Kenya, katikati ya winta yao.

Halafu 1971, Fleur Ng'weno akaanza kuongoza matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi kutoka makumbusho ya Nairobi. Kila Jumatano, wiki baada ya wiki, zaidi ya miaka hamsini sasa. Kile chama cha 1909 siku hizi tunakijua kama Nature Kenya, na matembezi ni yake. Mtu yeyote anaruhusiwa. Siku niliyoenda kulikuwa na wanafunzi wawili wa chuo, mwalimu, mzee wa kanisa, watalii watatu, na waongozaji vijana Wakenya ambao wanasikia ndege kabla hawajamwona na wanakutajia jina. Hao vijana wanapata riziki kwa masikio yao. Miaka sita baada ya matembezi kuanza, 1977, Kenya ikapiga marufuku uwindaji wa wanyamapori. Bunduki ikatoka, darubini ikabaki.

Na kama unataka kurudi nyuma zaidi ya 1909, kuna mlembe. Huyu ni ndege anayewaongoza watu kwa asali. Kwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya, mtu anapiga mluzi, mlembe anakuja, anaruka mbele akiita, anasimama, anangoja, mpaka kwa mzinga. Mwanasayansi Mkenya, Hussein Isack, alifanya utafiti huko na mwenzake Mjerumani, ukachapishwa 1989. Mahali wasipopajua, watu walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga wakiwa peke yao, na saa 3.2 wakiongozwa na mlembe. Kwa hivyo ukiniuliza matembezi ya ndege yenye kiongozi yalianza wapi, nitakwambia kuna mahali Kenya ambapo kiongozi alikuwa ndege mwenyewe.

Sawa, lakini inatusaidia nini sisi wa mtaani, wenye kodi ya nyumba na data ya kulipia?

Hii ndo sehemu ilinikosesha usingizi. Kati ya 1970 na 1977 kuna watu waliendesha gari kwa barabara za Kenya wakihesabu ndege wawindaji: tai, mwewe, kipanga, tumbusi. Walikuwa wanahesabu tu, wanaandika. Kati ya 2003 na 2020 watafiti wakarudia hesabu. Matokeo yalitoka 2022: katika aina 22, aina 19 zilikuwa zimepungua, na upungufu wa kawaida ulikuwa karibu 70%. Sumu, nyaya za stima, mashamba, watu kuongezeka. Sasa jiulize: bila yale madaftari ya miaka ya sabini, nani angejua? Wewe na mimi tumezaliwa tukikuta anga hivi. Tungesema tai wachache ni kawaida. Hasara ambayo hakuna mtu aliiandika ni kama haikutokea.

Na tumeshaona nguvu ya macho ya watu. Novemba 2020, wakijenga barabara ya juu, mkuyu mkubwa wa Waiyaki Way ulikuwa uangushwe. Watu walipiga kelele mpaka rais akaamuru uachwe. Upo mpaka leo. Lakini ni mingapi ilianguka kimya kwa sababu hakuna aliyekuwa anaiangalia?

Kwa hivyo twende. Na usiende ovyo, kwa sababu mimi nilienda ovyo nikajuta. Gambuti za kuazima zilinikata kisigino, na kofia yangu nyeupe ilifanya mama mwongozaji anitazame kwa huruma.

Msimu: Oktoba hadi Aprili ndo wageni wako hapa. Desemba na Januari ni tamu, mvua imepungua na uko likizo. Oktoba na Novemba kuna ndege wengi lakini beba koti la mvua.

Saa: asubuhi. Ndege wanakula mapema, jua likipanda wanatulia kivulini. Matembezi ya Jumatano yanaanza kabla ya saa tatu, kwa hivyo hesabu na jam ya barabara yenu. Kundi hukutana makumbusho, kisha mara nyingi mnagawana magari kwenda mahali pengine. Kama huna gari, sema mapema, na uwe tayari kuchangia mafuta. Kuna ada ndogo kwa asiye mwanachama. Uko shule ama kazini Jumatano? Kuna matembezi ya Jumapili moja kila mwezi. Uliza ratiba.

Nguo: rangi zilizofifia, kijani, kahawia, kijivu. Wacha nyeupe na nyekundu. Suruali ndefu, soksi ndefu, na uingize suruali ndani ya soksi. Utaonekana mshamba, lakini siafu na kupe hawajali fashoni. Viatu viwe vyako, vilivyozoea mguu wako.

Darubini: usinunue kabla ya kwenda. Watu wengi wanakugawia ya kwao dakika mbili, ukiomba vizuri. Ukija kununua, tafuta iliyoandikwa 8x42. Nane ni mara ngapi inavuta, 42 ni upana wa lenzi kwa milimita. Usidanganywe na za mtumba zinazosema zinavuta mara 50. Mkono ukitetemeka kidogo huoni kitu. Na fanya mazoezi nyumbani: macho yabaki kwa ndege, leta darubini machoni bila kutazama chini. Mimi ndege watatu wa kwanza walienda nikitafuta tawi.

Vitu vingine: maji, kitu cha kula, daftari dogo, simu iwe kimya. Programu ya Merlin ni ya bure na inasaidia kutambua ndege, ila ipakue ukiwa na wifi. Usicheze sauti ya ndege kwa spika ili aje. Anadhani adui ameingia kwake, anaacha kula ama anaacha kiota. Huyo mgeni wa gramu kumi ana safari ya kurudi Aprili. Usimpotezee nguvu kwa sababu ya video yako. Nasema hivi nikiwa mtu wa video.

Adabu: mwache mwongozaji atangulie, usipige kelele ukiona kitu, elekeza kwa kutumia saa. "Mti wa kulia, saa nane" inaeleweka haraka kuliko "pale, pale, kando ya jani." Na uliza. Hakuna aliyezaliwa akijua.

Ukirudi, andika. Aina gani, wangapi, wapi, tarehe. Kuna mradi unaitwa Kenya Bird Map unaopokea orodha za watu wa kawaida. Orodha yangu ya kwanza ilikuwa na aina 31, na kati ya hizo 24 niliambiwa na wengine. Haina shida. Imeandikwa. Mtu akiuliza 2070 kama kale kandege kalikuwa kanafika Nairobi, kuna Jumatano moja ambayo jibu lake lipo.

Beshte yangu nimemwambia hii stori yote, pamoja na mkuki wa 1822. Alinyamaza, halafu akauliza kama lazima uamke mapema hivyo. Nikamwambia ndio. Akasema atafikiria. Jumatano ijayo niko kwa stage saa moja, na saa hii gambuti ni zangu.